Ng'ombe Wako Atakula Nini Mwezi wa Tisa?

Ndugu msomaji, ukimwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, pengine atacheka tu na kutazama pembeni. Wazee wetu wengi hawakupenda kuhesabu mifugo mbele ya mgeni. Basi tusimwulize hilo. Liko swali jingine ambalo yafaa kila baba na kila mama wa nyumba ajiulize mwenyewe, mvua zingali zinanyesha: mwezi wa tisa utakapofika, ng'ombe hawa watakula nini?

Watu wa Mugeta wayajua majira yao. Masika huanza mwezi wa tatu na kwisha mwezi wa tano. Mwezi wa sita majani hugeuka rangi. Mwezi wa saba ng'ombe huanza kutembea mbali. Mwezi wa nane na wa tisa hurudi jioni mbavu zikihesabika, maziwa yamekatika, na ndama hupigapiga kiwele kitupu. Mtoto aliyepaswa kuwa darasani yuko porini na fimbo yake, kwa kuwa malisho ya karibu yamekwisha.

Tena nchi hii ina jambo jingine. Upande wa mashariki yako mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na kando yake Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951. Huko majani yapo hata wakati wa kiangazi. Lakini sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuchunga ndani ya mapori ya akiba. Mfugaji aliyebanwa na njaa ya ng'ombe wake hushawishika kuvuka mpaka usiku. Akikamatwa, hulipa faini, na pengine hupoteza mifugo. Ada ya shule ya watoto huenda huko, na amani ya nyumba pia.

Makala hii yataka kukuambia neno moja tu: majani ni zao. Mahindi twayapanda, twayapalilia na kuyavuna, kisha twayaweka ghalani. Majani twayaacha yaote yenyewe, yaliwe yenyewe na kufa yenyewe, halafu twalaumu jua. Kipande kidogo cha malisho kilichotunzwa humlisha ng'ombe kuliko uwanda mpana uliokanyagwa kila siku. Wala kazi hii haitaki mbolea ya chumvichumvi wala dawa za dukani. Yataka ua, samadi, mbegu chache, na uvumilivu.

JANI LINA MIZIZI

Tuanze na jambo ambalo macho hayalioni. Jani la juu ndilo linaloupa mzizi chakula. Ng'ombe akila jani kidogo, mzizi haushtuki. Akilila lote mpaka chini, mzizi hufa njaa na kujikunja. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Franklin Crider, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Alikata majani ya aina mbalimbali kwa vipimo mbalimbali, akaitazama mizizi. Yale yaliyopunguzwa chini ya nusu, mizizi iliendelea kukua. Yale yaliyokatwa nusu au zaidi, karibu yote mizizi yake ilisimama isikue kwa siku nyingi.

Hapo ndipo palipo siri ya kiangazi. Mzizi mfupi hauyafikii maji yaliyo chini. Mvua zikikatika kwa wiki mbili tu, jani lenye mzizi mfupi hukauka, na lenye mzizi mrefu hubaki kijani. Kwa hiyo malisho yanayokatwa mpaka ardhini wakati wa masika ndiyo yanayotangulia kufa wakati wa jua. Halafu huja miiba na majani machungu ambayo ng'ombe hayagusi, na mvua inayofuata hubeba udongo mtupu kuupeleka mtoni.

Miaka miwili baada ya Crider, yaani mwaka 1957, Mfaransa André Voisin, aliyekuwa mfugaji na mwanasayansi huko Normandie, alitoa kitabu juu ya jambo hilo hilo. Fundisho lake laweza kusemwa kwa maneno machache. Usimrudishe ng'ombe mahali pamoja kabla majani hayajapona. Na usimwache akae hapo siku nyingi mpaka akala chipukizi linaloanza kutoka.

Wewe waweza kulifuata fundisho hilo bila seng'enge hata moja. Chukua eneo lako la malisho, hata likiwa dogo, uligawe vipande vinne. Mpaka uwe mti, jiwe, au mstari wa mkonge. Mchunge ng'ombe kipande cha kwanza kwa wiki moja, kisha cha pili, na kuendelea. Atakaporudi kipande cha kwanza, majani yamepumzika wiki tatu. Wakati wa mvua hiyo yaweza kutosha. Mvua zikipungua, usihesabu siku, tazama majani yenyewe. Yakiwa hayajafika kimo cha nusu ya goti, bado hayajapona.

JIRANI ZETU WA SHINYANGA

Pengine utasema hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. La, ndugu yangu. Jirani zetu Wasukuma waliyajua zamani, nao huyaita ngitili. Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, asiingie ng'ombe hata mmoja, na kufunguliwa katikati ya kiangazi, wakati mahali pengine hapana kitu. Huko huingia kwanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa, na maksai wa kulimia.

Desturi hiyo ilikaribia kupotea. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Rais Nyerere alipoitembelea nchi hiyo mwaka 1984 alishtushwa na ukavu aliouona. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Mwaka huo ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi tu. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Tazama kilichofanyika. Hawakuleta trekta kusawazisha nchi yote. Walifunga, wakaacha majani na visiki vya miti vichipue, wakakubaliana vijijini juu ya adhabu ya anayeingiza mifugo kabla ya wakati, na sungusungu wakalinda. Ngitili nyingi za familia ni ndogo, hekta mbili, tatu au tano. Pamoja na malisho, watu walipata kuni, fito, dawa za miti shamba na asali. Akina mama waliokuwa wakienda mbali kutafuta kuni walipunguziwa safari. Huko si Ulaya. Mtu akitoka Bunda asubuhi aweza kufika huko siku hiyo hiyo.

MAJANI MATATU MATATU

Kupumzisha malisho ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuyaongezea mwenzi. Majani ya kawaida, kama vile majani ya Rhodes au mabingobingo, humjaza ng'ombe tumbo. Lakini jani la peke yake, hasa likikomaa, lina upungufu wa kile kinachojenga mwili na maziwa. Huo upungufu hujazwa na mimea ya jamii ya mikunde, ndugu za maharage na kunde.

Huko Uingereza na Ireland wafugaji huchanganya majani na mmea mdogo uitwao klova, wenye majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Mapokeo yasema Mtakatifu Patrisi aliutumia mmea wa namna hiyo kuwaeleza watu wa Ireland fumbo la Utatu Mtakatifu. Mwaka 1919 kilifunguliwa kituo huko Aberystwyth, katika nchi ya Wales, chini ya bwana George Stapledon, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua aina bora za majani na klova za kupandwa pamoja. Kwetu Afrika Mashariki pia klova ipo. Iko klova nyeupe inayoota yenyewe katika milima yenye baridi ya Kenya na ya Tanzania. Lakini usiihangaikie hapa Mugeta. Yapenda baridi na unyevu, na kiangazi chetu kitaiua.

Mungu hakutunyima ya kwetu. Tazama jani la kunde, la fiwi, la maharage: nayo ni matatu matatu. Na chini ya udongo mimea hiyo hufanya kazi moja na klova. Katika hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa kila 100 ni naitrojeni, chakula kikubwa cha mimea. Mahindi na majani ya kawaida hayawezi kuichukua hewani. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walionyesha kwamba mikunde yaweza, kwa msaada wa vijidudu wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi yake. Vijidudu hao huikamata naitrojeni ya hewa na kuupa mmea. Nao mmea huwalipa kwa sukari ya majani yake. Hivyo mkunde hujitengenezea mbolea, na mabaki yake yakioza humlisha jirani yake.

Waite watoto uwaonyeshe jambo hili shambani. Ng'oa mche wa kunde unaotoa maua, taratibu, kwa jembe. Utaona vinundu kama punje za ulezi vimeshika mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, vijidudu wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijivu, hawafanyi kazi. Ukipanda mkunde mgeni na kuona hauna vinundu, omba udongo kidogo kutoka shamba ambako mkunde wa aina hiyo hustawi, uchanganye na mbegu kabla ya kupanda.

Katika malisho mema, katika kila konzi tatu za majani, moja iwe ya mkunde. Ikipungua sana, ng'ombe hukosa nguvu. Kwa nchi yetu ya joto ifaayo ni stailo, ambayo huvumilia udongo mwembamba, siratro inayotambaa, fiwi inayopandwa kila mwaka, na miti ya lusina na glirisidia kwa ajili ya ua na malisho ya juu. Muulize bwana mifugo wa kata yako ni ipi inayokubali udongo wako. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, ina kituo chake Mabuki, Wilaya ya Misungwi, na serikali ina shamba la mbegu za malisho huko Vikuge, Kibaha.

HABARI KUTOKA MBITA

Katika ziwa letu hili hili, upande wa Kenya, yako makao ya utafiti ya Mbita. Ni ya kituo cha wadudu cha Icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Profesa Thomas Odhiambo. Miaka ya 1990 wataalamu wa huko, wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, walitafuta njia ya kupambana na maadui wawili wa mahindi na mtama: funza wa mabua na gugu la kiduha. Kiduha unakijua. Ni lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mtama mpaka mtama ukadumaa kama uliolaaniwa. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja.

Njia waliyoipata huitwa Vuta-Sukuma. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mkunde unaotambaa wenye majani matatu matatu. Kuzunguka shamba hupandwa mistari mitatu ya mabingobingo. Nondo wazaao funza huikimbia desmodiamu na kuvutwa na mabingobingo, huko wakataga mayai, na funza wengi hufa kabla ya kukua. Nayo mizizi ya desmodiamu hutoa maji maji yanayoidanganya mbegu ya kiduha ikaota, kisha ikafa kwa kukosa mzizi wa kunyonya. Tangu mwaka 1997 wakulima walianza kuitumia njia hiyo, nayo ikaenea Kenya, Uganda na Tanzania.

Sababu ya kuyataja haya katika makala ya ng'ombe ni hii. Desmodiamu na mabingobingo vyote viwili ni chakula cha ng'ombe. Ndiyo klova na majani ya Waingereza, kwa sura ya kwetu. Shamba moja linatoa unga wa watoto na malisho ya ng'ombe, na udongo waongezeka nguvu badala ya kuchoka. Kwa nchi zenye ukame zaidi, wataalamu hao waliweka majani ya brakaria badala ya mabingobingo, na desmodiamu ya jani la kijani badala ya ile yenye jani la rangi ya fedha, kwa kuwa hizo huvumilia jua. Mtu wa Mugeta yafaa aanze na hizo.

Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana. Ichanganye na mchanga mkavu, uitie katika mfereji mwembamba, uifunike kidogo tu. Katika miezi miwili ya kwanza palilia kwa mkono, maana desmodiamu changa hufanana na magugu, na jembe la haraka litaimaliza. Ikishashika, hudumu miaka mingi, ukikata na kuacha ichipue.

SAMADI NI MALI

Umepata kupita mahali palipokuwa na boma la ng'ombe zamani, likahamwa? Hata baada ya miaka mingi, majani ya hapo ni ya kijani kuliko ya jirani zake, na ng'ombe hupakimbilia. Hapo nchi yenyewe yakufundisha. Sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika majani ng'ombe huirudisha kwa kinyesi na mkojo. Ukiichota nguvu hiyo malishoni kila siku na kuirundika zizini mwaka hata mwaka, malisho yatafukarika na zizi litakuwa tope.

Basi toa samadi zizini, uirundike kivulini, uifunike kwa majani makavu au udongo isichomwe na jua wala kuoshwa na mvua. Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa imeiva, nyeusi, isiyo na harufu kali. Itawanye malishoni na katika mistari ya mabingobingo mvua zinapoanza. Anayekata majani na kubeba nyumbani bila kurudisha samadi ni kama mtu achotaye maziwa bila kumlisha ng'ombe.

Ufugaji na ulimaji wa namna hii siku hizi huitwa kilimo hai. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kanuni moja ya kupimia mazao yake. Lakini hata asiyeuza kitu mjini hupata faida yake, kwa sababu hanunui mfuko wa mbolea.

HESABU YA HEI

Wahenga walisema, akiba haiozi. Majani yaliyokatwa na kukaushwa vizuri, yaani hei, ndiyo ghala la ng'ombe. Tufanye hesabu pamoja, chukua kalamu.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kwa siku kilo 6 hivi za chakula kikavu. Kiangazi cha siku 100 ni kilo 600. Robota moja la hei lililofungwa kwa sanduku la mbao lina kilo 20 hivi. Basi kwa ng'ombe mmoja yatakiwa marobota 30. Akipata nusu ya chakula chake kutoka mabua ya mahindi, mtama na malisho yaliyobaki, marobota 15 yatamvusha.

Je, shamba lako litatoa marobota mangapi? Pima mwenyewe. Weka fito nne ardhini ziwe mraba wa mita moja kila upande. Kata majani yaliyomo, ukiacha shina la vidole vinne chini. Yaanike mpaka yakauke, kisha yapime. Yakiwa nusu kilo, zidisha kwa 4,000, maana ekari moja ina mita za mraba 4,000 na kidogo. Utapata kilo 2,000, yaani marobota 100. Hayo ni ng'ombe watatu kwa kiangazi chote, hata bila mabua.

Kata majani yanapoanza kutoa maua, mvua zikielekea kwisha. Wengi hungoja yakomae na kutoa mbegu, na hapo huwa kama fito, yenye kujaza tumbo bila kulisha. Yaanike siku mbili tatu, ukiyageuza, mpaka yakivunjwa yalie. Yabaki na rangi ya kijani na harufu nzuri. Yakiwekwa na unyevu huota ukungu, na hata kuwaka moto yenyewe. Sanduku la kufungia laweza kutengenezwa na seremala yeyote: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, wazi juu na chini. Tandika kamba ndani, jaza majani, kanyaga, funga. Weka marobota juu ya magogo, chini ya paa, mbali na mchwa.

Na hesabu hii yasema neno jingine, ingawa ni gumu. Kama una hei ya ng'ombe wanane na zizi lina kumi na wawili, uza wanne mwezi wa sita wakiwa wanono, uweke fedha mahali salama. Ukingoja mwezi wa kumi utawauza kwa bei ya ngozi, au utawafukia.

MAMBO YA KUANGALIA

Ng'ombe mwenye njaa usimwachie alusini au klova changa yenye umande. Tumbo litavimba upande wa kushoto, naye aweza kufa siku hiyo hiyo. Mlishe kwanza majani makavu. Desmodiamu haina hatari hiyo.

Lusina ni chakula chema, lakini isizidi theluthi moja ya chakula chote. Ikizidi, mnyama hunyonyoka nywele na kudhoofika.

Mabingobingo yana ugonjwa wa kudumaa, ulioharibu mashamba mengi Kenya ya magharibi na Uganda. Majani huwa ya manjano, membamba na mafupi. Usikubali mbegu kutoka shina kama hilo, hata ukipewa bure. Ling'oe lote.

Ukipanda ua wa minyaa, waonye watoto. Maziwa yake yakiingia machoni huumiza vibaya.

Na usichome moto malisho mwezi wa nane. Moto huo huondoa chakula kilichobaki na kuacha udongo uchi mbele ya mvua.

"LAKINI ARDHI NI YA WOTE"

Najua utakalosema. Nikifunga kipande changu, ng'ombe wa jirani wataingia usiku. Baada ya mavuno kila mtu huachia mifugo izurure mashambani, nayo itakula desmodiamu yangu mpaka mizizi. Ni kweli, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mtu mmoja peke yake hawezi. Ndiyo maana Wasukuma walianza na makubaliano kabla ya kuanza na ua.

Basi lipelekeni jambo hili katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Nyumba kumi zikikubaliana kuheshimiana, tayari uko ukuta usiohitaji miiba. Mkiisha kuelewana ninyi kwa ninyi, na pamoja na jirani zenu wa madhehebu na dini nyingine, lifikisheni katika mkutano mkuu wa kijiji ili liwe sheria ndogo, lenye faini inayojulikana. Saidianeni kwa zamu kupanda ua, leo kwa mzee huyu, kesho kwa mjane yule asiye na kijana wa kumsaidia. Ng'ombe mmoja wa mjane akivuka kiangazi, ni sadaka kubwa.

Nanyi akina baba, msiwaachie akina mama peke yao kukata na kubeba majani kichwani. Wao tayari wana maji, kuni na jiko. Ng'ombe wa mahari ni wa baba, na majani ya ng'ombe huyo nayo yawe kazi ya baba. Na kijana aliye shuleni aachwe shuleni. Malisho yakiwa karibu na nyumba, hana sababu ya kukosa darasa.

KAZI TULIYOPEWA

Mababu zetu wa imani waliijua kazi hii. Mwanadamu wa kwanza aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Waisraeli waliamriwa kuipumzisha ardhi kila mwaka wa saba. Yusufu, alipokuwa Misri, hakungoja njaa ije ndipo ajenge ghala. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu sote, na kuiharibu ni kuwadhulumu maskini na watoto watakaokuja.

Tarehe 15 Mei ni sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima, mtu wa Madrid aliyelima shamba la tajiri maisha yake yote, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1622. Siku hiyo huangukia wakati mvua zetu zinaelekea kwisha na majani yanatoa maua. Mwaka huu, anza na robo ekari tu. Ifunge masika yakianza, tia samadi, panda mkunde mmoja. Karibu na sikukuu ya Isidori, ingia na fyekeo, wewe na jamaa yako, mkate hei yenu ya kwanza. Mwezi wa tisa ng'ombe wako wawili watakuwa wamesimama zizini wakitafuna, na mtoto atakunywa maziwa kabla ya kwenda shule.

Mungu abariki mikono yenu na malisho yenu.